Kuhamisha Windows nzima kutoka HDD ya GB 500 kwenda SSD ya TB 1 bila kuinstoli upya

Daftari_Kuu aliuliza:

Habari zenu wakuu.

Laptopu ina HDD ya GB 500, inchi 2.5, SATA, mizunguko 5400 kwa dakika. Windows 10 Pro, inawaka kwa UEFI (mfumo mpya wa kuwashia, si BIOS ya zamani). C: ina ukubwa wa GB 465.1 na zilizotumika ni 410. SSD ya TB 1 ninayo tayari, nayo ni SATA ya inchi 2.5, pamoja na adapta ya USB kwenda SATA. Disk Management inaonyesha patisheni tatu kwa mpangilio huu: EFI (ya kuwashia) ya MB 100, kisha C:, halafu Recovery (ya kurekebishia Windows) ya MB 522 mwishoni kabisa.

Sitaki kuinstoli upya kwa sababu kuna programu ya uhasibu yenye leseni iliyosajiliwa kwa mashine hii, na vitabu vya miaka sita vimo humo. Naomba kujua: nitumie programu gani kukloni (kunakili diski yote ilivyo), diski ipi ikae ndani na ipi kwenye USB, na je, nafasi ya ziada itaingia C: yenyewe au kuna kazi nyingine ya kufanya?

Bisibisi alijibu:

Karibu mkuu. Kunakili kwenyewe ndiyo sehemu nyepesi. Wengi hukwama kwa yale ambayo hawakuyafanya kabla ya kunakili, kwa hiyo naanzia huko.

Pima afya ya HDD kwanza. Fungua CrystalDiskInfo uangalie mistari mitatu: 05 (sekta zilizokwisha kubadilishwa), C5 (sekta zinazosubiri kwa sababu hazisomeki) na C6 (zilizoshindikana kabisa). Programu hiyo huandika thamani ghafi kwa namba za msingi wa 16, hivyo ukiona 10 maana yake ni 16. Zote zikiwa sifuri, endelea. C5 ikiwa na chochote, simama hapo hapo, usiendeshe chkdsk (ya kurekebisha diski) wala defrag (ya kupanga faili), rudi hapa utuambie. C7 ikiwa na namba usiogope sana, hiyo mara nyingi ni waya au kiunganishi.

Kisha angalia BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows. Fungua Command Prompt kama msimamizi:

`manage-bde -status C:`

Usiridhike na neno "Protection Off". Soma mstari wa "Percentage Encrypted". Kusitisha ulinzi hakuondoi usimbaji, data inabaki imefungwa vilevile. Ikiwa si 0.0%, andika `manage-bde -off C:` usubiri hadi ifike sifuri. Diski iliyosimbwa inaweza kunakiliwa sekta kwa sekta, lakini vifaa vya Linux havitaiona kama NTFS (mfumo wa faili wa Windows) na kupanua patisheni nje ya Windows kutakataa. Na ukigusa Secure Boot (ulinzi wa uwashaji) ukiwa bado umesimbwa, utadaiwa ufunguo wa tarakimu 48.

Leseni ya uhasibu: kuna programu zinazosoma namba ya volyumu, ile inayotoka ukiandika `vol C:`. Hiyo huhamia pamoja na nakala, kwa hiyo hazitagundua lolote. Nyingine husoma namba ya kiwandani ya diski yenyewe, na hiyo haihamishiki kwa njia yoyote. Kama programu yako ina sehemu ya kuondoa usajili, iondoe kabla ya kunakili uisajili tena kwenye SSD. Windows yenyewe haina shida, leseni yake ya kidijitali imefungwa kwenye ubao mama.

Halafu zima usingizi wa Windows. Windows 10 ukiizima kwa kawaida haizimiki yote, kiini chake kinahifadhiwa kwenye faili na NTFS inabaki na alama kwamba bado inatumika. Clonezilla, programu ya bure ya kukloni ambayo utaitumia, ikiikuta hivyo inagoma.

`powercfg /h off`
`shutdown /s /t 0`

Amri ya kwanza pia inafuta hiberfil.sys, kwa hiyo utapunguza GB kadhaa za kunakili.

Ipi ndani, ipi nje? Kwa HDD yenye afya, weka SSD ndani ya laptopu na HDD kwenye adapta. Sababu yake ni kwamba adapta nyingine huionyesha diski kwa sekta za baiti 4096 wakati SATA ya ndani inaiona kwa 512. Jedwali la patisheni lililoandikwa kwa hesabu moja halisomeki kwa nyingine, na mtu anabaki na SSD iliyonakiliwa vizuri lakini "tupu". Hakiki kabla ya kuanza, kwenye Linux ya Clonezilla:

`lsblk -o NAME,SIZE,LOG-SEC,MODEL,SERIAL`

LOG-SEC ziwe 512 kote. Kwenye amri hiyo hiyo hakikisha ipi ni ipi. Jina la modeli linaweza kuwa la adapta, kwa hiyo tegemea ukubwa: ya zamani 465.8G, mpya 931.5G. Usikariri kwamba sda (jina ambalo Linux huipa diski) ndiyo ya zamani, majina hayo hubadilika ukihamisha waya.

HDD ya inchi 2.5 kwenye USB iwe kwenye mlango wa USB 3. Mlango wa USB 2 hutoa miliampia 500, na diski nyingi zinataka zaidi ya hapo wakati wa kuanza kuzunguka. Inalia tik, tik, inanyamaza, inaanza tena, na watu wanadhani imekufa kumbe ina njaa ya umeme.

Kwenye Clonezilla chagua "device-device", "Beginner", "disk_to_local_disk", chanzo, kisha lengo. Ikiuliza kuhusu jedwali la patisheni, bakia na -k0, yaani nakili lilivyo. Chaguo la -k1 hupanua kila patisheni kwa uwiano, na huna faida ya kuwa na Recovery kubwa mara mbili. Itauliza uthibitisho zaidi ya mara moja. Soma jina la lengo kila mara. Kwa GB 410 kupitia USB 3, HDD ya mizunguko 5400 itachukua kama saa moja na nusu hadi mbili. Kwa USB 2 karibu saa nne. Umeme ukikatika katikati usihuzunike, chanzo kinasomwa tu na hakiandikwi, utaanza upya.

Ukimaliza, zima, chomoa HDD kabisa, ndipo uwashe mara ya kwanza. Diski mbili zenye utambulisho uleule zisionane ndani ya Windows.

Kamba_Mbili alijibu:

Mimi ningeinstoli upya tu, Windows ya miaka sita ina takataka nyingi. Leseni unapiga simu kwa mwenye programu wanakupa nyingine.

Halafu kabla hujaamini SSD hiyo na vitabu vya watu, ipime uwezo wake wa kweli. Zipo zinazojitangaza TB 1 na ndani zina sehemu ndogo tu ya hapo. Zinapokea data bila kulalamika kisha zinaandika juu ya zilizotangulia. Ukiwa na Linux (badala ya sdX weka jina la SSD):

`f3probe --destructive --time-ops /dev/sdX`

Inafuta kila kilichomo, kwa hiyo fanya sasa ikiwa bado tupu.

Bisibisi alijibu:

Nakubaliana kabisa kuhusu kipimo cha f3. Kuinstoli upya sikubaliani kwa kesi hii. Programu za uhasibu huwa na hifadhidata, mipangilio ya printa, violezo vya ankara, vyote vimetawanyika kwenye ProgramData na rejista. Utavikosa kimoja kimoja mwezi mzima.

Daftari_Kuu:

Asanteni sana wakuu. SSD nimeipima, iko sawa, TB 1 kweli. BitLocker 0.0%. Leseni nimeiondoa usajili. Lakini CrystalDiskInfo imeniwekea rangi ya njano: 05 ni sifuri, C5 ni 18, C6 ni 18. Kwa maelezo yenu hiyo ni 24. Sijaendesha chkdsk.

Sekta512 alijibu:

Umefanya vizuri kusimama. Sasa sahau mpango wa kwanza. Clonezilla ikigonga sekta isiyosomeka inasimama, na hata ukiilazimisha iendelee haina subira ya kurudia kwa mpango. Tumia GNU ddrescue, programu ya kuokoa data kutoka diski mbovu. Nayo inataka mpangilio wa kinyume: HDD mgonjwa abaki ndani kwenye SATA, SSD iende USB. Adapta za USB hushughulikia makosa ya kusoma vibaya, nyingine hujiondoa kabisa diski inapochelewa kujibu. Ile tahadhari ya LOG-SEC hapa ndipo inapohitajika hasa, kwa hiyo hakikisha adapta yako inaonyesha 512.

Unahitaji flashi mbili. Moja yenye SystemRescue (Linux ya uokoaji) ya kuwashia, nyingine ya kuhifadhi ramani ya kazi. Ramani hiyo ndiyo kumbukumbu ya ddrescue: sehemu gani imesomwa, gani imekataa, gani bado. Ukiiacha kwenye RAM na laptopu ikazima, umeanza mwanzo na diski imechoka zaidi. Tuseme HDD ni sda, SSD ni sdb, flashi ya ramani ni sdc1:

`mkdir /mnt/ramani`
`mount /dev/sdc1 /mnt/ramani`
`ddrescue -f -n /dev/sda /dev/sdb /mnt/ramani/hdd.map`

Chanzo kinatangulia, lengo linafuata. Ukigeuza, umefuta vitabu vya miaka sita. Soma mstari kwa sauti kabla ya kubonyeza Enter.

Herufi -f inaruhusu kuandika kwenye diski nzima. Herufi -n inaiambia ichukue kwanza vyote vinavyosomeka kirahisi na isikwangue sehemu mbovu. Hilo ndilo la maana kuliko yote: diski mgonjwa anaweza kufa wakati wowote, kwa hiyo unataka sehemu kubwa iwe salama kabla hujaanza kumsumbua kwenye majeraha. Itasoma diski nzima, GB 500, si zile 410 tu. Kwa MB 80 kwa sekunde ni kama saa moja na dakika 45, na ikikuta maeneo mabovu kasi itashuka hadi kilobaiti. Iache. Raundi ya pili:

`ddrescue -f -d -r3 /dev/sda /dev/sdb /mnt/ramani/hdd.map`

Hapa -d inapita moja kwa moja bila akiba ya Linux, na -r3 inarudia sekta mbovu mara tatu. Angalia "pct rescued" na "bad-sector". Laptopu iwe kwenye chaja, na HDD isipate joto. Ukiweza kupitisha feni chini yake, pitisha.

Sekta 24 za baiti 512 ni KB 12. Ni kidogo, ila KB 12 ndani ya hifadhidata ya uhasibu si sawa na KB 12 ndani ya picha ya ukutani, kwa hiyo ni lazima ujue zimeangukia wapi. Ikiwa baada ya raundi ya pili bado kuna zilizokataa, jaza mahali pake kwenye nakala kwa alama inayotafutika, kisha itafute:

`cp /mnt/ramani/hdd.map /mnt/ramani/jaza.map`
`printf "SEKTA-MBOVU " > /tmp/alama`
`ddrescue -f --fill-mode=- /tmp/alama /dev/sdb /mnt/ramani/jaza.map`
`mkdir /mnt/c`
`mount -t ntfs-3g -o ro /dev/sdb3 /mnt/c`
`grep -rl "SEKTA-MBOVU" /mnt/c`

Ona kwamba lengo hapo ni sdb, kamwe si sda. C: ni sdb3 kwa sababu kati ya EFI na C: kuna patisheni ya MB 16 ambayo Disk Management haionyeshi. Grep itasoma GB 410, kwa hiyo chukua muda. Itakutajia majina ya faili yaliyoguswa. Isipotaja chochote, sekta hizo ziko kwenye nafasi tupu au kwenye majedwali ya NTFS yenyewe.

Mwisho kabla ya kuzima:

`sgdisk -e /dev/sdb`

GPT, yaani jedwali la patisheni la diski yako, huweka nakala yake mwisho wa diski. Umenakili diski ya GB 500 ndani ya TB 1, kwa hiyo ule mwisho sasa uko katikati. Amri hii inausogeza hadi mwisho halisi.

Zima, toa HDD, funga SSD. Kama HDD ilikuwa na unene wa milimita 9.5 na SSD ni 7, weka kipande cha kujazia ili isicheze kwenye kiunganishi. Washa, na sasa ndipo uendeshe `chkdsk C: /f`, kwenye SSD. Chkdsk kwenye diski mgonjwa huandika juu ya kile ambacho ulikuwa unajaribu kukiokoa.

Daftari_Kuu:

Raundi ya kwanza ilichukua saa 2 na dakika 10. Baada ya raundi ya pili zimebaki sekta 8. Grep imetaja faili mbili: moja iko ndani ya SoftwareDistribution\Download, nyingine ni video. Hifadhidata ya uhasibu haikuguswa. SSD imewaka yenyewe, chkdsk imepita, leseni imesajiliwa tena.

Lililobaki: Disk Management inaonyesha GB 465.75 "Unallocated" baada ya Recovery, na "Extend Volume" kwenye C: imefifia, haibonyezeki.

Bisibisi alijibu:

Hongera mkuu, hizo faili mbili ni bahati. Ile ya SoftwareDistribution ifute tu, ni ya masasisho na Windows huipakua tena.

Extend imefifia kwa sababu Windows inapanua C: kwenda kulia tu, na jirani yake wa kulia ni Recovery. GParted, programu ya Linux ya kupanga patisheni, inaweza kuisogeza, lakini kumbukumbu ya Windows kuhusu mahali ilipo inaweza kuharibika. Njia safi ni kuibomoa na kuijenga upya mwishoni, na kwa kuwa unajenga upya, ipe nafasi. Januari 2024 sasisho la KB5034441 liligoma kwa watu wengi kwa kosa 0x80070643 kwa sababu tu Recovery ilikosa MB 250 tupu. Yako ya MB 522 iko kwenye kundi hilo.

`reagentc /disable`
`dir /a C:\Windows\System32\Recovery`

Lazima uone Winre.wim (faili la Recovery lenyewe) kwenye orodha. Usipoiona, usiendelee, maana ukibomoa hutakuwa na cha kurudisha. Ukiiona, fungua `diskpart`:

`select disk 0`
`list partition`
`select partition 4`
`delete partition override`
`select partition 3`
`extend`
`shrink desired=1024`
`create partition primary id=de94bba4-06d1-4d40-a16a-bfd50179d6ac`
`gpt attributes=0x8000000000000001`
`format quick fs=ntfs label="Windows RE"`
`exit`

Linganisha ukubwa kwenye `list partition` kabla ya kufuta: 4 iwe ile ya MB 522. Kuna laptopu zenye patisheni ya mtengenezaji ya GB 10 na zaidi, hiyo si hii. Kisha:

`reagentc /enable`
`reagentc /info`

Itoe "Enabled" na njia yenye partition4 ndani yake. Malizia kwa `defrag C: /L`, Windows iiambie SSD sehemu zipi ni tupu. Hilo ni muhimu kwako hasa, kwa sababu ddrescue iliandika hata nafasi tupu za HDD, na SSD inadhani zote zina data.

Kamba_Mbili alijibu:

Swali la pembeni wakuu. Kompyuta ya mezani, Windows 10, BIOS ya Legacy (ya zamani), diski ni MBR (jedwali la patisheni la zamani, kabla ya GPT). Mtu akitaka kwenda diski ya TB 4 utaratibu ni huu huu?

Sekta512 alijibu:

Kunakili ni huku huku, ila MBR huhesabu sekta kwa biti 32. Kwa sekta za baiti 512 inaishia TB 2.2, zinazobaki hazitumiki. Baada ya kunakili, ndani ya Windows:

`mbr2gpt /validate /allowFullOS`
`mbr2gpt /convert /allowFullOS`

Diski isiwe na patisheni za msingi zaidi ya tatu. Ukimaliza, ingia BIOS ubadilishe Legacy kuwa UEFI, la sivyo haitawaka. Kama ubao mama hauna UEFI kabisa, iache Windows kwenye diski ndogo na hiyo ya TB 4 iwe ya data kwa GPT. Na ikiwa ni ya inchi 3.5, adapta ya USB lazima iwe na umeme wake wa volti 12.

Daftari_Kuu:

C: sasa ni GB 930.4, reagentc inasema Enabled. Nashukuru sana. HDD ya zamani naweza kuifanya ya bakapu kwenye USB?

Sekta512 alijibu:

Ya bakapu hapana, ina sekta zilizoshindikana na hazitapungua. Iweke kando wiki mbili tatu bila kuifuta, hadi uwe umefunga mwezi kwenye uhasibu na kuona ripoti zote zinatoka. Usiichomeke kwenye Windows hii. Itaonekana "Offline" kwa kugongana utambulisho, na ukiilazimisha iwe Online Windows inaibadilishia utambulisho. Siku ukitaka kuirudisha ndani huenda ikakataa kuwaka kwa 0xc000000e. Ukihitaji faili kutoka humo, washa kwa SystemRescue uifungue kwa `-o ro`. Bakapu ya uhasibu iende kwenye diski nyingine nzima, na uianze leo, SSD ikiwa bado mpya.